Tonge la Rangi Nyeupe

Mji ule hauna jina. Usijisumbue kulitafuta. Waliokuwa wakilijua walikufa wote, na kwa kuwa hakuna aliyewachora, jina likaondoka nao. Ukipita huko utakuta watu, maduka, misikiti, mabomba yanayovuja, kila kitu kama kwenu, ila ukiuliza hapa ni wapi mtu atakuonyesha chini kwa kidole na kukwambia, hapa ni hapa.

Kule mtu akifa uso wake hauondoki naye papo hapo. Hubaki na waliompenda kwa muda wa matanga, halafu matanga yakianuliwa unatoka vichwani mwao, usirudi. Jina watalikumbuka, harufu ya nguo wataikumbuka, hata ugomvi waliogombana naye wataukumbuka neno kwa neno. Uso, ng'o. Isipokuwa awe amechorwa kwa rangi ya mafuta, na rangi yenyewe iwe ya kudumu. Kumchora kabla hajafa haiwezekani, maana ni kumchuria kifo. Kwa hiyo mchoraji ana nafasi moja tu, kati ya kifo na kukunjwa kwa mikeka, na ndiyo maana watu wa mji ule humpisha mchoraji kwenye foleni ya nyama.

Na muda wa matanga hauhesabiwi kwa jua. Jua la kule halina adabu. Linaweza kuchomoza mara mbili watu hawajala hata cha mchana. Huhesabiwa kwa mafuta. Ubao hupakwa mafuta ya kitani, yale ya kuchanganyia rangi, ukaegemezwa mlangoni pa wafiwa, na kila anayekuja kuhani huugusa kwa kidole. Siku kidole kikitoka kikavu, msiba umekwisha, kila mtu akashike kazi yake.

Ubao wa mlangoni pa Shaweji mchoraji haukukauka. Watu waligusa, wakanusa vidole, wakatazamana. Mafuta yale yalikuwa na karafuu. Wachoraji wana ujanja huo tangu zamani: ukitaka rangi ibaki mbichi, upate kurekebisha shavu au kope kesho, tia tone la mafuta ya karafuu. Shaweji hakutia tone, alimimina. Mlango mzima ulinukia kama sufuria ya pilau, na wanawake waliokaa mkekani wakasema chini chini, masikini baba wa watu. Wengine, wale wasiokosa la kusema, walisema mtu mzima anajiaibisha. Lakini hata hao waliendelea kukaa.

Marehemu alikuwa mkewe, Mwanaheri.

Yalianza kumpotea masikio. Shaweji aliamka akataka kuyawaza masikio ya mkewe akakuta patupu, akabaki anapapasa kichwani mwake kama mtu anayetafuta mfukoni ufunguo aliokuwa nao sasa hivi. Baadaye shingo. Baadaye nyusi. Alitoka uani, akamkuta binti yake Salha, mtoto wake wa pekee, msichana aliyekwisha kuwa mwanamke bila baba yake kuambiwa, anapeta mchele.

"Eti nyusi za mama yako zilikutana hapa katikati?"

Salha aliweka ungo chini. "Baba. Umelala naye kitanda kimoja tangu mimi sijazaliwa."

"Najua. Zilikutana?"

"Hazikukutana," alisema Salha, akarudi kwenye mchele wake. Shaweji alimshukuru, lakini alipofika chumbani aligundua kwamba amepewa habari tu. Alijua nyusi hazikukutana, na bado hakuziona.

Basi ikawa lazima achore, tena upesi, kwa sababu karafuu huchelewesha tu, haizuii. Akaanza kuchagua vifaa. Alivuta turubai ya kitani kwenye fremu, akaipaka gundi ya ngozi, akaipaka chokaa, akaisugua kwa jiwe la povu mpaka ikawa laini. Alichagua mafuta. Ya kokwa za jozi hubaki maangavu lakini ni legevu, ya kitani yana nguvu ila yakizeeka huwa manjano. Akachukua ya kitani, manjano kidogo Mwanaheri asingeyachukia. Alichagua udongo mwekundu na udongo wa manjano na nyeusi ya mifupa iliyochomwa. Haya yote aliyafanya bila kufikiri, mikono yake ilijua. Ikabaki nyeupe, na hapo akakwama.

Bila nyeupe hakuna uso. Hata uso mweusi tititi hushikwa na nyeupe: pale mwanga unapokaa kwenye paji, kwenye ncha ya pua, kwenye unyevu wa jicho. Ukikosea nyeupe umekosea mtu. Na katika mji ule nyeupe zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya zinki, inauzwa dukani kwenye makopo, mafundi huipaka milango. Ni safi, haina kosa na mtu, ila ni ngumu isiyokubali kupindika, na baada ya muda hupasuka. Ya pili ni ya risasi, madini yale mazito. Hiyo hutengenezwa na chama cha wachoraji peke yao: vipande vya risasi hulazwa vyunguni juu ya siki, vyungu vikafukiwa kwenye mavi ya ng'ombe, na gizani humo risasi huota unga mweupe. Unga huo husagwa na mafuta juu ya jiwe mpaka uwe ute. Haupasuki. Nyuso zilizopakwa kwa unga huo zimekaa kwenye kuta za mji kuliko mtu yeyote anavyoweza kukumbuka, na mashavu yao bado mabichi.

Unga huo ni sumu. Kila mtu anajua, watoto wanajua. Ndiyo sababu chama kina mila yake: mchoraji hasagi nyeupe yake mwenyewe. Mkono wa mchoraji ukitetemeka, mji utapoteza nyuso; kwa hiyo husaga mkewe. Mke akifa, husaga binti. Jiwe huhama kutoka mkono hadi mkono kama mwiko wa jikoni, na hakuna aliyewahi kuliita hilo dhuluma, kwa kuwa lilikuwa na jina zuri: kumshika mume mkono.

Mwanaheri alimshika mume mkono mpaka mkono wenyewe ukaisha. Alikuwa mtu wa kucheka, mdomo wazi, hadi jino la mwisho lionekane. Majirani walikuwa wakimsikia Mwanaheri anacheka wanaanza kucheka na wao, hawajui hata kinachochekwa. Kisha akaanza kucheka huku ameshika upindo wa kanga mdomoni. Shaweji alidhani ni utu uzima, ni heshima zimemwingia. Waosha maiti ndio waliomwambia. Kwenye fizi, walisema, palikuwa na mstari wa samawati, mwembamba, umefuata mizizi ya meno kutoka upande hadi upande. Mstari wa jiwe. Ukishatokea haufutiki, na aliyenao huanza kuondoka kidogo kidogo, tumbo, viungo, usingizi. Shaweji aliyekuwa akitambua rangi arobaini za kijivu hakuwahi kuuona.

Nyumbani lilibaki tonge moja la mwisho la rangi ile, ndani ya kopo la maji ili lisigande. Lilitosha uso mmoja. Na juu yake palikuwa na alama ya dole gumba, pale msagaji alipolibonyeza kulitazama kama limeiva.

Shaweji alilifunua kopo lile, akalitazama, akalifunika. Akarudi akalifunua. Uso wa mkewe ulikuwa ukimponyoka na hapa palikuwa na kidole chake, kizima, kimekaa majini kinasubiri. Aliongea nacho. Alikisalimia akiamka. Alipotaka kuanza kazi alifikiri: nikichota, alama itakwisha. Nisipochota, uso utakwisha. Nikimpaka risasi, nimempaka kilichomuua. Nikimpaka zinki, nimempaka kitakachompasua. Na mbona ameniachia, kama si nitumie? Ameniachia. Alijua nitahitaji nyeupe, Mwanaheri, huyu mwanamke, amekufa amenisagia uso wake mwenyewe. Hapo alilia kwa sauti.

Mkuu wa chama alikuja kuhani. Jina lake Maalim Hemedani, mtu mpole, mwenye kanzu iliyopigwa pasi hata mikunjo yake. Aligusa ubao, akanusa, akatabasamu kama baba aliyemfumania mtoto na sukari. Alisema hakuna haraka, chama kinamvumilia, ila picha ya mke wa mchoraji ndiyo picha ambayo mji mzima utaitazama, na nyeupe yake ijulikane ni ya chama. Ikiwa ya zinki, Shaweji atakuwa amejitoa chamani mwenyewe. Baada ya hapo aliomba kumpa pole binti. Salha alipotoka, Maalim Hemedani aliupokea mkono wake, akaugeuza kiganja juu, akabonyeza nyama ya chini ya dole gumba kama anayechagua papai.

"Mkono wa mama yake," alisema. "Mungu hamwachi mja wake."

Salha alimshukuru. Shaweji naye alimshukuru, ndivyo mtu anavyomjibu mgeni wa msiba. Ila mgeni alipokwisha kuondoka neno lile lilibaki naye. Mkono wa mama yake. Alikwenda kwenye kopo kuutazama mkono wa mama yake.

Ilikuwa asubuhi, au mojawapo ya asubuhi za siku ile. Alimwaga maji yote, akalisogeza tonge dirishani, na kwa mara ya kwanza alilitazama kama mchoraji, si kama mfiwa. Alama ilikuwa na mistari. Duara ndani ya duara, safi, kila mstari peke yake, na katikati ufa mfupi wa mshazari.

Mwanaheri hakuwa na mistari ya kidole. Jiwe lilikuwa limeila yote zamani. Dole lake gumba lilikuwa laini tupu kama kokoto ya mtoni, na alikuwa akifanya mzaha kwamba akiiba hatajulikana ni nani. Na ufa ule wa mshazari Shaweji aliujua. Aliufunga kwa kitambaa yeye mwenyewe, siku Salha, mtoto mdogo, alipojikata kwenye mbuzi akikuna nazi.

Hakumbuki alivyofika uani. Alimkuta Salha anaanika, akasimama nyuma yake ameshika lile kopo tupu, na hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza tangu lini.

"Tangu mikono ya mama ilipoanza kutetemeka," alisema Salha. Aliendelea kuanika. "Ulisema rangi ina chembe. Hukumbuki? Ulikuja ukasema, Mwanaheri, siku hizi unanisagia mchanga. Mama akalia. Mimi nikamwambia lete. Kesho yake ukasema, afadhali leo."

"Mimi nilisema afadhali leo."

"Ulimshukuru sana. Ukamnunulia kanga."

Ile kanga ilikuwa kwenye kamba, kati yao, inatona maji. Shaweji aliitazama. Alitaka kuuliza muda gani, mara ngapi, lakini katika mji ambao jua halina adabu maswali hayo hayana jibu, na nadhani hata yangekuwa na jibu asingethubutu. Aliuliza mbona hawakumwambia. Salha akasema mama alikataza, alisema baba yako akijua mkono utamtetemeka. Alisema bila hasira, na hilo lilimuumiza kuliko hasira. Laiti angepiga kelele. Laiti angemtupia hata ndoo.

Alitoka nje bila viatu akaenda mpaka Nyumba ya Nyuso, ambako kuta zimejaa waliochorwa na chama tangu chama kilipoanza. Alikuwa ameingia humo maisha yake yote, na nyuso kadhaa zilikuwa kazi ya mkono wake. Safari hii aliona kitu ambacho ungekiona wewe, mgeni, dakika ya kwanza, na yeye hakuwahi kukiona: hapakuwa na mikono. Matajiri, masheha, mabibi harusi waliokufa kabla ya fungate, wote wamechorwa mikono imefichwa ndani ya nguo. Ni kanuni ya chama, mchoraji wa nyuso hapotezi muda na mikono. Akasimama katikati. Akasikia jiwe linasaga. Lilisikika kutoka ndani ya vilemba vyeupe, ndani ya weupe wa macho, ndani ya kila lulu kwenye kila shingo, kwaa, kwaa, taratibu, kwa subira.

Nani yuko chini ya huyu? aliuliza. Nikikwangua kilemba hiki nitamkuta nani? Nimemchora sheha, nimemdumisha sheha, kwa kumla nani? Mimi nilidhani nachora waliokufa. Kumbe nachora waliokufa kwa kutumia wanaokufa. Kudumu. Neno zuri hilo, kudumu. Kila linapokaa limekalia mtu. Na mtu huyo alikupikia, Shaweji, alikufulia, alikuuliza rangi imetosha au niongeze. Ukasema ongeza.

Alipotoka pale alipitia duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji alikuwa na uso aliokuwa nao muuza maji jana, mambo hayo hutokea kule na watu hawayasemi. Akaomba kopo la zinki. Muuzaji akauliza ni la mlango au dirisha.

"La mke wangu," alisema Shaweji, na muuzaji akamfungia bila kuuliza zaidi.

Nyumbani alichimba shimo nyuma ya choo, akalizika lile tonge pamoja na jiwe na mchi wake. Alama ya dole gumba hakuitazama tena. Aliurudia ubao wa mlangoni, akaufuta karafuu yote kwa tapentaini, akaupaka mafuta matupu. Sasa saa ilikuwa inakwenda, na akaanza kuchora.

Alianza na mikono. Aliichora wazi, mapajani, vidole vimelegea, dole gumba laini lisilo na mstari. Mikono alikuwa bado anayo yote kichwani kwa sababu msiba hauchukui chochote chini ya shingo. Kisha akapanda juu. Shingo alikumbushwa na Salha. Nyusi alikumbushwa na Salha, aliyekuja kukaa kwenye kiti mbele yake, na kilichompotea kwa mama alikiazima kwa mtoto, kidevu, mfinyo wa kope, mpaka ikawa haijulikani ni nani amekaa na ni nani amekufa. Macho yalikuja yenyewe, karibu yote. Mdomo ulimshinda. Alijaribu kuuchekesha ukawa si wake, akaufunga. Zinki ilikuwa nyeupe ya baridi, ya hospitali, akaipasha moto kwa udongo wa manjano ikakubali. Alipoweka nukta ya mwisho kwenye jicho, nje mtu aligusa ubao, na kidole chake kikatoka kikavu.

Mikeka ikakunjwa. Uso wa Mwanaheri ukatoka vichwani mwao wote, na mwake pia. Aliusikia ukitoka, kama unavyosikia mlango wa jirani ukifungwa. Maalim Hemedani alikuja, akaiona mikono, akauona ule weupe ulivyo, akasema pole, kwa huruma ya kweli, na kuondoka. Hakurudi. Hakuna aliyemleta maiti mwingine kwa Shaweji tangu hapo. Akawa fundi wa milango, na milango yake ilisifiwa.

Zinki ikafanya kazi yake. Siku moja palikuwa na ufa mmoja, pembeni mwa jicho. Nyingine ukapatikana wa pili, wa tatu, kwenye paji, halafu chini ya pua. Salha alilia alipoiona. Shaweji hakulia. Alivuta kiti akakaa mbele ya picha, kwa sababu aliona kitu ambacho hakukitarajia: nyufa zilikuwa zinakwenda mahali pake. Zilikwenda pale mikunjo huenda. Mwanaheri, aliyekufa kabla ya mvi ya kwanza, alikuwa anazeeka. Anazeeka peke yake ukutani, upesi kuliko yeye, muda wa kule ukawa umempendelea walau mara moja. Akawa mkubwa kuliko kaka zake. Akawa bibi. Jua liliingia likatoka dirishani bila mpango, na katika mwanga fulani Shaweji aliamka akamkuta ukutani ajuza mwenye macho makini na mikono iliyopumzika, mtu mzima kabisa, wa kuinamiwa.

Akasimama. Akaona haya kidogo, halafu akajiachia.

"Shikamoo," alimwambia.

"Marahaba," ilijibiwa nyuma yake, kwa sauti nzito ya utani, na kicheko kikafuata.

Alikuwa Salha, amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Kilikuwa kicheko cha kwanza nyumbani mle tangu msiba, na Shaweji alikigeukia akicheka na yeye, moyo umemjaa. Salha alikuwa ameshika upindo wa kanga mdomoni. Macho tu ndiyo yaliyoonekana, yakicheka juu ya nguo ile, na hapo uso wa Mwanaheri ulimrudia wote, nyusi, masikio, shingo, kila kitu mahali pake.

"Toa kanga, mwanangu," alisema taratibu. "Cheka nikuone."

Salha alitikisa kichwa, bado anacheka, na upindo haukushuka.